Ndege katika Mpunga wa Anatole

Siku ya Mungu, 6 Mei 1956

Watoto arobaini na mmoja! Mwezi wa mpunga kuiva, ambapo kila mwaka napata sita, saba, na hao wakija wanasinzia. Leo wamejaa kanisani mpaka mlangoni. Jana, siku ya posho, nilizunguka nyumba kwa nyumba baada ya kumwaga sabuni kwenye vibao, mikono bado inanuka mawese. Niliwaambia wazazi: asubuhi moja tu, ni ya Mungu. Shamba halina miguu.

Mchungaji Isidore alichungulia, akahesabu kwa macho, akaondoka. Hata asante hakuna. Mwisho wa mwezi ataandika arobaini na mmoja katika ripoti ya misioni, na jina litakuwa lake. Mimi si mwalimu wa cheti. Mimi ni fundi sabuni aliyejifunza kusoma huku anaosha sahani za Wazungu. Sawa.

Somo: Ufalme kwanza. Nikawaeleza habari za ndege — hawalimi, hawana ghala, na Baba wa mbinguni anawalisha. Mtoto mmoja akadakia: "Mwalimu, basi anabalisha na mupunga ya papa yangu!" Kicheko kanisa zima. Hata mimi. Adolphine peke yake hakucheka. Ni binti wa Anatole, mkulima mwenzetu, miaka kumi na miwili, atabatizwa siku ya Pentekoste. Akauliza pole pole: "Na sisi tukiwa huku, nani anafukuza ndege?"

Nikajibu: ukimchungia Mungu asubuhi yake, yeye atakuchungia shamba lako.

Nilisema kwa kinywa changu. Mbele ya wote.

Siku ya kwanza, 7 Mei

Florentine, mama yake Adolphine, alifika kiwandani kwangu — kiwanda! mapipa mawili na kibanda — kitoto mgongoni. Akamwaga mashuke ya mpunga juu ya sabuni mbichi. Matupu. Makapi.

"Angalia, Mwalimu. Mungu wako amekula vizuri."

Nilikwenda kuona. Ni kweli. Mashamba yetu yako kwenye mstari mmoja, kama Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, alivyoyapima kwa kamba, na watoto wanafukuza ndege kwa mstari. Wa kwanza anapiga kelele, ndege wanaruka kwa wa pili, wa pili anapokea, hivyo hivyo mpaka wanatupwa kwenye matete. Mstari ukikatika, ndege wanatua pale ulipokatika. Kila mtu aliyezaliwa huku Baraka, kando ya ziwa, anajua. Mimi najua! Watoto wa Wakatoliki walitoka misa ya alfajiri, wakapanda ulingoni, kwenye vichanja vyao vya kuchungia, wakasukuma. Ndege wakaja kwetu. Wenzetu wengi wamepoteza pembe ya shamba. Anatole yuko mwisho kabisa, karibu na matete. Amepoteza zaidi ya nusu.

Nimepiga hesabu ya yale yaliyoliwa. Sitaiandika.

Siku ya tatu, 9 Mei

Polisi wawili wamemchukua Anatole. Monitere, msimamizi wa mashamba wa serikali, alimwandika: uzembe. Na mwaka jana alichelewa kupanda pamba, kwa hiyo hii ni mara ya pili: kifungo. Mpunga huu unaulima wewe, lakini kuupoteza si ruhusa yako.

Lori lilisimama mbele ya nyumba yangu. Anatole hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Nicolas, iko ile shamba ya pili, chini, pale muto inaingia ku ziwa. Mupunga ya nyuma, ile tulipanda mwisho. Ikisimama siku monitere anakuja kuipima, batanifungua. Isiposimama, ni miezi mbili ingine, na mashamba yote banapatia mutu mwingine." Akameza mate. "Adolphine anakusikia we kuliko mi. Ongea naye, achunge."

"Panda, we mufalme ya ndege!" polisi akasema, na mwenzake akacheka. Wakapanda naye mlima kwenda Fizi, kwenye buloko, jela ya serikali.

Siku ya nne, 10 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Nilimngoja Mchungaji nje ya mlango. Nikamwomba: mzungu wa misioni amwandikie bwana agronomi, mkubwa wa monitere, maneno mawili tu, kwamba watoto walikuwa kanisani, kwamba Anatole si mvivu.

Mchungaji akafunga mwavuli wake taratibu. "Ndugu Nicolas. Nani alikutuma kuahidi kwa jina la Mungu?"

Kinachoniuma ni kwamba mtu huyu, ambaye hajawahi kutembelea nyumba ya mtoto hata mmoja, safari hii ana haki.

"Mambo ya mashamba ni ya Bulamatari," akasema. Halafu, akiwa ameshanipa mgongo: "Usisahau sabuni ya wageni wa Pentekoste. Ile nyeupe."

Siku ya Mungu, 13 Mei

Juma lote Adolphine amekaa juu ya ulingo kwenye shamba la pili, mama yake na mimi tunampokea zamu. Mpunga umesimama. Lakini jana nilipomwambia habari ya leo, akatingisha kichwa. Siku ya Mungu hafanyi kazi.

Basi nikafanya yangu. Nikawaambia watoto: leo tunaabudu shambani. Wamekuja kumi na tisa. Tukafunga kamba kutoka mti hadi mti, tukatundika mikebe, tukaimba. Tenzi zote tunazojua! Kila kiitikio tunavuta kamba. Ndege walipita juu kama moshi, wakazunguka, wakaenda zao. Hakutua hata mmoja. Niliomba, watoto wakaitika amina na mikebe. Sijawahi kuongoza ibada kama ile.

Lakini Adolphine alikwenda kanisani. Akakaa benchi la mbele, peke yake. Mchungaji akaingia, akakuta kanisa tupu na mtoto mmoja.

"Wenzako wako wapi?"

"Biko mu shamba, Mchungaji. Na Mwalimu."

Hasemi uongo. Nilimfundisha mimi.

Siku ya kwanza, 14 Mei

Wazee wa kanisa wameniita. Nisiwaguse watoto tena mpaka nitubu. Siku ya Pentekoste nisimame mbele ya watu wote, niseme kwamba nimeivunja siku ya Bwana, na kwamba niliahidi kitu ambacho Mungu hakuahidi. Na niwepo tangu kengele ya kwanza hadi baraka ya mwisho. Nisipofika, watoto wanapewa mpwa wa Mchungaji, moja kwa moja. Kijana yule anasoma katekisimu kama anayeita majina ya wafungwa.

Nikauliza: kosa langu ni lipi — kuliacha shamba ama kulichunga?

Mzee mmoja akanijibu: "Yote mbili, ndugu. Si we unajua kuhesabu?" Wakacheka. Mchungaji pia alicheka.

Miaka sita! Nilianza na watoto watatu chini ya kibanda cha sabuni. Benchi nimepiga mimi. Bati la paa nimebeba mimi kutoka ufukoni. Sasa ni watoto wa nani?

Mke wangu Constance: "Tubu, Baba Marie. Kutubu hakutoboi mdomo."

Siku ya tatu, 16 Mei

Dereva wa lori ametoka Fizi. Anatole anavunja mawe ya barabara. Anakohoa. Hakuagiza chakula, hakuagiza nguo. Ameuliza neno moja: mupunga ingali inasimama?

Na habari nyingine: monitere atakuja kupima siku ya kwanza, tarehe 21. Kabla ya kupima, marufuku kukata hata shuke moja.

Pentekoste ni tarehe 20. Naangalia tarehe hizi mbili kama mtu anavyoangalia nyoka wawili na ana fimbo moja.

Siku ya tano, 18 Mei

Florentine ana homa. Hawezi kusimama. Nilikwenda shambani kuongea na Adolphine, kama baba yake alivyoomba. Sauti imemkauka kwa kupiga kelele juma zima; ananong'ona tu. Alikuwa anapanga mawe ya kombeo, makubwa huku, madogo huku.

Nikamwambia: "Kesho kutwa mi sitakuwa huku. Wazee wananitaka kanisani. Mama yako ni mgonjwa. Umebaki we."

"Siku ya Mungu nitakuwa kwa maji, Mwalimu. Jina yangu iko mu orodha ya ubatizo."

"Mama yako anasema ukienda usirudi kwake."

"Nilisikia."

"Na papa yako?"

Jiwe moja akalitoa kwa makubwa, akalitia kwa madogo, akalirudisha.

Nikasema Mungu ni mwelewa. Ubatizo unaweza kungoja mwaka. Mpunga haungoji.

"Ni yeye amekuambia, ao ni we?"

Nikakasirika. Nikamwambia mtoto haulizi mkubwa namna ile. Akapiga goti kidogo: "Unisamehe, Mwalimu." Akapanda ulingo.

Nimetembea mpaka nyumbani na hasira, na karibu na mto hasira ikaniisha, ikabaki haya. Aliuliza vizuri. Miaka sita nawaambia hivyo hivyo: mtu akikuletea neno akisema ni la Mungu, mwulize.

Siku ya posho, 19 Mei

Constance amepiga shati langu pasi. Liko mlangoni, limening'inia kama mtu.

Nimetafuta watoto wa kukaa shambani kesho. Wale kumi na tisa, wazazi wao wanaogopa kutengwa. Nikamwendea Raphaël, Mkatoliki, jirani mwema. "Baba Marie, kesho ni Pentekoste ya kwetu pia! Na lile shamba la chini haliko kwenye mstari, watoto wangu watamsukumia nani?" Halafu akatania: "Mwambie Mchungaji abatize ndege, bashike amri." Nilicheka. Mke wake akanipa ndizi za kumpelekea Florentine. Florentine hakuzigusa. Aligeukia ukuta.

Nimeomba. Sikusikia kitu. Nilichosikia ni Constance anapumua, anajifanya amelala.

Siku ya Mungu, 20 Mei. Pentekoste

Naandika juu ya goti, kwa kalamu ya risasi. Niko shambani.

Niliondoka kabla hakujapambazuka. Shati nimeliacha mlangoni. Constance aliniona, akanipa kipande cha muhogo. Njiani nilijiambia nitafukuza kidogo tu, kengele ikilia nitakimbia. Kengele imelia. Ya pili imelia. Bado niko hapa.

Kwa hiyo watoto wamekwenda. Andika hivyo, Nicolas. Watoto wamekwenda kwa mpwa.

Ndege wengi kuliko juma lililopita. Wanajua kuna mtu mmoja. Nikivuta kamba upande wa mto, wanahamia upande wa matete. Nikikimbilia matete, wamerudi mto. Shamba lina ncha mbili na mimi nina miguu ya mzee wa miaka arobaini na nane. Mikebe wameshaizoea. Kombeo limekatika. Nimetumia sauti mpaka imeisha.

Maandamano yamepita juu, barabarani. Wabatizwa mbele, nguo nyeupe — nilizifua kwa sabuni yangu bure. Nilimwona Adolphine. Hakutazama huku. Nikasema moyoni: haya, nenda. Namna fulani nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Angalau mmoja amenizidi.

Wanabatizia pale mto unapoingia ziwani. Kutoka hapa nasikia kila kitu. Mchungaji anaita jina, wanaimba ubeti mmoja, jina lingine.

Na sasa hivi — Adolphine amesimama kwenye njia, mwisho wa shamba. Mkavu. Ametoka kwenye mstari wao. Nguo nyeupe ameikusanya mkononi isiguse matope. Hajaingia shambani. Hajarudi ziwani.

Nilimwendea. Nikamwambia kwa sauti hii isiyo sauti: rudi, bado hawajakuita.

"Bamebaki batatu mbele yangu," akasema. "Mwalimu, uniambie. Si ya Mungu. Ya kwako. Papa atatoka ao hatatoka, kama niko na we hapa?"

Mikono minne. Kila ncha na mtu wake. Ningeweza kumwambia, hesabu naijua: tukiwa wawili, mpunga unafika kesho. Nikiwa peke yangu, haufiki.

Nikamwambia ngoja kidogo, nifukuze hawa kwanza.

Nimekuja nyuma ya ulingo. Sifukuzi. Naandika, maana kalamu inaipa mikono kazi. Wameita mmoja. Wanaimba ubeti. Wameita wa pili; amebaki mmoja, halafu yeye.

Ndege wote wa matete wamehamia kwenye mpunga, shamba linatembea kwa ndege. Yeye hawaangalii. Ananiangalia mimi.