Beseni la Mbu

Kisumu, 4 Aprili 2024

Mwaitu, mama yangu,

Habari ya huko, na miguu yako je? Mimi niko mzima, ila nina hamu sana na mwanangu Mwendwa. Mwambie kwamba mimi mama yake nitakuja Agosti.

Hapa kazini tunachunguza vinyweleo vya mbu, vile anavyotumia kunusa watu. Kuna jeni inayoviotesha. Ikizimwa mapema, mbu hutoka kipara, hawezi kumtafuta mtu. Sasa nahitaji mbu wa kwetu. Nifugie viluwiluwi kwenye beseni, ulifunike kwa neti, hata mmoja asitoroke.

Mwanao, Syokau

Mitaboni, 19 Aprili

Syokau mwanangu,

Wi museo? Sisi tuko salama, ila mvua imezidi. Haki, watu wanafukuza mbu na mimi nawalisha unga! Emily jirani amenicheka mpaka akashika mbavu. Chupa niliyoiweka kwenye boksi pamoja na barua hii imejaa viluwiluwi, na wengine bado wanakua. Neti yangu panya waliimaliza, kwa hivyo nimefunika beseni kwa ile ya Mwendwa. Analala bila neti kwa sasa, na anajisifu ati amewaazima mbu wa mama kitanda chake.

Mama yako, Kalondu

Kisumu, 10 Mei

Mwaitu,

Sijui hata nikusalimu vipi. Nilitoa chupa nikakimbilia maabara, barua yako ikabaki ndani ya boksi. Wiki tatu! Nimeisoma leo. Simu yako imezimwa, ya Emily pia, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii. Mrudishie Mwendwa neti leo hii! Akiwa na joto mwilini usingoje, mkimbize hospitali.

Mbu vipara wametoka. Niliwaingizia mkono asubuhi, hakuna aliyenigusa. Nilifurahi, Mwaitu, kabla ya kuona barua.

Syokau

Mitaboni, 2 Juni

Mwanangu,

Pole. Sina salamu nyingine. Barua yako ilinikuta hospitali, malaria ishampanda Mwendwa kichwani. Siku ya mazishi hukunitazama, ukaondoka bila kuniaga.

Mimi ndiye niliyetoa neti kitandani. Uliniambia nifunike, nikafunika, sikufikiria mtoto. Ole wangu mimi! Beseni nimelimwaga. Neti nimeifua, nimeitundika pale pake, na kila jioni naishusha naichomeka chini ya godoro.

Nitukane, lakini niandikie.

Mama yako

Mitaboni, 1 Septemba

Syokau,

U mzima? Ulimwahidi Mwendwa Agosti, nikajua utakuja hata kama ni kaburini kwake tu. Nilikuwekea uji kila siku.

Agosti imekwisha.

Mama yako