Wanawake Waliomwendea Mume Mkali

Arusha, karibu na boma la Wadachi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Hujambo, mpenzi? Huku baridi kali, mlima Meru haujaonekana tangu juzi, nami navaa koti la shemeji yako hata ndani.

Jana jirani yangu Nashipai alinichukua hadi kwa mtu aliyempiga mkewe mjamzito. Tulikuta wanawake wamejaa uani na fimbo zao, wakiimba. Yule bwana akafoka, "Huyu ni mke wangu!" Bibi mmoja akamjibu, na Nashipai akanitafsiria kutoka Kimaasai: "Mke ni wako. Mtoto aliye tumboni ni wetu sote."

Wakamtoa ng'ombe wake aliyenona, wakamchinja palepale. Hakuna mwanamume aliyethubutu kuwazuia, maana ndiyo mila yao mjamzito akipigwa. Mwishowe bwana akaomba radhi mbele yetu. Mkewe, uso bado umevimba, alikaa katikati ya wenzake akinywa supu, na kila mmoja akamwongezea.

Mwanaidi, mumeo akikuinulia mkono tena, usijifungie ndani ukalia. Mwite mama, waite shangazi zetu, waje wote. Wasiposikilizwa, panda huku kwangu. Kitanda kipo.

Mungu akuhifadhi, kipenzi changu.

Dada yako, Zuhura