Tundu la Kifungo kwenye Shati la Masolwa

Ipuli, Tabora
Wiki ya tatu ya Kwaresima

Dada yangu mpendwa Apolinaria,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, mgongo wa shemeji Festo umeachia, na tumbaku yenu huko Usoke imekubali kukauka. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Ningepiga simu, lakini simu yenu hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na haya ninayoandika ni yako peke yako.

Nianze na aibu. Yale mashati ya kwaya niliyamaliza, isipokuwa matundu ya vifungo. Unajua cherehani aliyoniachia mama hushona mbele na nyuma tu, na tundu linataka sindano iyumbe kushoto na kulia. Nikayapeleka kwa fundi Sixbert, akayapiga harakaharaka. Jumapili mwalimu wa kwaya, mzee Fideli, akainua mikono kuanzisha wimbo wa matoleo. Vifungo vikachomoka kimoja baada ya kingine mpaka kitovu kikaonekana. Sauti ya pili wote wakashindwa kuimba. Padri akajifanya anatafuta ukurasa. Baada ya misa mzee Fideli, shati kalishikilia kwa mkono, akaniambia kwamba nisiporekebisha kabla ya Pasaka, kazi ya kwaya inahamia kwa fundi mwingine.

Basi nikaingia mjini kutafuta cherehani nyingine, ya kawaida, ya bei ya mtu kama mimi, mradi ipige tundu. Duka la kwanza muuzaji akanisifia mashine inayodarizi maua, majani na bata. Nikamwambia wanakwaya hawafungi shati kwa bata. Nikaomba tundu moja kwenye kitambaa kizito, likatoka limekunjamana. Duka la pili walikuwa na nzuri sana, ila bei yake niliisikia nikiwa tayari natoka.

Duka la tatu, kwa Adinani, nikakuta ndogo nyeupe, haina madoido. Unazungusha kitufe, inashona upande mmoja. Unazungusha tena, inashona wa pili, mpaka tundu linakamilika. Lakini kitambaa changu cha kujaribia kilikuwa kimeisha. Pale dukani alikuwapo kijana mrefu aliyekuja kununua pasi, anaitwa Masolwa. Akachomoa shati kiunoni, akainama karibu na meza.

“Jaribu hapa, dada,” akasema. “Huku chini hakuna anayepaona.”

Nimefika katikati ya tundu, umeme ukakatika. Sindano imezama kwenye shati, na shati limo mwilini mwa Masolwa! Adinani akapiga kelele nisivute, sindano itavunjika na cherehani bado si yangu. Akatoka mbio kumtafuta fundi wa mashine. Nikamsogezea Masolwa kigoda, akakaa pale kama mbuzi wa mnada, watu wakiingia wanampa pole na kuuliza anauzwaje.

Tukazungumza. Kwao ni Lusu, anafuga nyuki, na alisema kukaa bila kutikisika ameshazoea. Nilicheka mpaka machozi. Umeme ukarudi kabla fundi hajapatikana, nikamalizia tundu, likatoka limenyooka na nyuzi zimekaza. Nikainunua hapohapo. Mashati nimeyabadilisha vipande vya mbele vyote, na mzee Fideli alikuja kuinua mikono sebuleni kwangu mpaka akachoka. Hakuna kilichochomoka.

Sasa dada, lililonifanya niandike. Lile gurudumu la pembeni ya cherehani, ukilizungusha kwa mkono sindano hupanda. Mimi nalijua tangu utoto. Ningeweza kumwachia Masolwa papo hapo. Sikumwachia, nilitaka aendelee kuongea. Juzi alipokuja tena kunitembelea, moyo ukanisuta, nikamwambia ukweli. Akacheka sana, akasema mama yake naye ni fundi cherehani, na muda wote ule alikuwa akilitazama gurudumu na kuomba nisilikumbuke.

Wajomba zake watafika kwa baba baada ya Pasaka kuleta posa. Nakuomba umwandae taratibu. Mwambie ni Mkatoliki, ana mizinga mingi, na ni mvumilivu. Akiuliza tulikutana wapi, mwambie dukani, uishie hapo.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu. Nasubiri jibu lako kwa hamu, dada.

Mdogo wako,
Adelina