Mama Clémentine, Kapelani Aliyeketi Bila Kuomba

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumamosi ile ya Agosti 2018 ulipoinama juu ya cherehani yako hapa mtaani kwetu Berea, ukadhani ni kizunguzungu tu. Ulisema, "Jeanne, niletee maji." Dada alipofika na maji, ulikuwa umekwisha kutuacha.

Baba ameniachia mimi, Parfait, kalamu ya familia. Jeanne amenisihi niandike kwa upole. Nitajaribu.

Tunakumbuka jinsi ulivyoshona sare za shule za watoto wa jengo zima, na jinsi ulivyowadanganya mama zao kwamba kitambaa kilikuwa kimebaki tu. Tunakumbuka nyimbo zako za Bukavu tulikotoka, mguu ukiwa kwenye pedali. Mzee Pandu wa ghorofa ya juu, Mwislamu anayesali msikiti wa Mayfair, alikuwa akichungulia dirishani: "Mama Jeanne, leo ubeti wa tatu umeuruka." Nawe ulimjibu, "Shuka uuimbe wewe."

Mwaka 2016 kanisa letu lilikutuma Midrand pamoja na wanawake wengine, mfunzwe kuwa makapelani wa kujitolea: Wakristo wa kawaida wanaokwenda kukaa na watoto wagonjwa, waliopigwa, waliotupwa. Mwalimu wenu alikuwa Kawira, Mkenya anayefanya kazi benki. Siku ya kwanza alijifanya mtoto anayelia, akakuambia umfariji. Ukamwendea kama tulivyozoea sisi kanisani: kiganja juu ya kichwa, sauti hadi darini, Shetani akiamriwa atoke. Kawira akakimbilia nyuma ya mlango.

"Mama Jeanne," akasema kutoka huko, "mimi nina watoto watatu na umenitisha. Wa miaka saba angefanyaje?"

Ulicheka kuliko wote, kisha ukajifunza. Keti chini kuliko mtoto. Usimguse kabla hajakubali. Muulize, "Nikae au niende?" na utii jibu lake. Ulifanyia mazoezi nyumbani. Baba akitazama mpira, unajikunja sakafuni na kumuuliza kwa unyenyekevu, "Baba Jeanne, nikae au niende?"

"Kaa," alikujibu, "lakini usizibe televisheni."

Nyinyi wote mlipohitimu, wewe ndiye uliyeshona vizibao vya bluu vya kikundi kizima. Mkaanza kwenda kila wiki kwenye kituo kimoja cha watoto upande wa Bertrams. Huko ndiko ulikomkuta Falonne.

Watu wa kanisa letu wanamjua. Alikuwa na miaka minane. Baba yake, mlinzi, alifukuzwa kazi, kisha mdogo wake akafa kwa homa. Mchungaji wetu Gustave akatangaza kwamba ameonyeshwa katika maombi: mchawi ni huyo mtoto. Wakamfungia katika chumba cha nyuma ya kanisa, bila chakula, wakimwombea kwa zamu na kwa kelele, mpaka majirani walipoita polisi. Wakubwa wa kanisa walieleza kwamba ulikuwa mfungo. Mfungo wa mtoto wa miaka minane, aliyefungiwa mlango kwa nje.

Na kanisa hilohilo likaendelea kutuma makapelani kwenye kituo alichopelekwa. Waliingia na vizibao vyao na pipi, wakawapitia watoto wote, wakaruka kitanda kimoja.

Wewe ulikaa sakafuni kando ya kitanda hicho. Uliuliza swali lako. Naye akakujibu:

"Kaa. Lakini usiombe."

"Sawa," ukasema. "Siombi. Nitashona hili pindo."

Ukashona. Wiki iliyofuata ukashona tena. Hukufumba macho hata mara moja mbele yake, kwa sababu alikuwa amejua watu wakifumba macho yao kinachofuata ni nini.

Wenzako wakapeleka habari. Mchungaji akakuita mbele ya wazee wa kanisa, na Baba alikuwapo.

"Mama Jeanne, kapelani gani haombi?"

"Naomba nyumbani, Mchungaji. Pale nimeombwa nisiombe."

"Umeombwa na nani? Na mtoto, au na kilichomo ndani yake?"

"Kilichokuwa ndani yake ni njaa. Nyinyi ndio mlioiweka."

Wakakuvua kizibao ulichokishona kwa mikono yako. Kawira alipopata habari alikupeleka mwenyewe kwa mkuu wa kituo, akasema, "Huyu nimemfunza mimi, na anafanya nilichomfunza." Ukaendelea kwenda, ukivaa sweta yako ya kahawia. Falonne akaanza kukushikia uzi. Baadaye akaanza kuongea. Siku moja ulirudi umechangamka, ukatuambia, "Leo amenikaripia. Amesema mshono wangu umepinda."

Halafu ukafa, na hapo ndipo uchungu wetu ulipo.

Ulikuwa bado chumba cha maiti, watu wamekaa kwenye mikeka yetu, Mama Murielle, uliyefunzwa naye Midrand benchi moja, aliposema bila hata kupunguza sauti: "Si tulimwambia? Yule mtoto amekula mtu mwingine." Vichwa vikatikisika kukubali, na chai ikaendelea kunywewa. Makaburini Mchungaji alimwomba Mungu amlipe "aliyeyakata maisha ya dada yetu," na kila mtu alijua anamsema nani. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa kaburi lilikuwa wazi na Baba alikuwa amenishika mkono. Leo kaburi limefunikwa, na mkono wangu uko huru.

Basi na isomwe na wote: Mama yetu alikufa kwa presha. Alikuwa nayo tangu Bukavu, na vidonge alivikimbia akidai vinamletea usingizi kazini. Hakuna mtoto aliyemuua.

Jeanne alikwenda kituoni kumpa Falonne habari. Falonne hakulia. Aliuliza, "Ni mimi?"

Watu wazima waliosema maneno yale wajue kwamba yalimfikia.

Jeanne akamwambia, "Ni presha. Alianza kuumwa kabla wewe hujazaliwa." Falonne akahesabu kwa vidole, akauliza tena, akajibiwa tena. Hata sasa kuna siku huuliza.

Machi mwaka huu mahakama ya watoto ilimruhusu Jeanne kumleta kwetu alelewe hapa. Wiki iliyopita Mama Murielle alibisha hodi, na Falonne ndiye aliyemfungulia. Mgeni akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Niitie mkubwa," akasema.

Baba akatoka. Ujumbe ulikuwa kwamba kanisa litakufanyia ibada Jumapili, makapelani wote watakuja na vizibao, watakuita mwanzilishi wao. "Ila Baba Jeanne, utaelewa, yule mtoto abaki nyumbani."

Unamjua Baba, maneno yake ni machache. Alisema, "Mama Murielle, aliyekufungulia mlango ni mwenye nyumba. Ibada hatuitaki."

Kwa hiyo kanisani hatutakwenda. Jumapili tutakukumbuka hapa hapa Berea. Kawira atakuja, na Mzee Pandu ameahidi kushuka. Anayetaka kuingia aingie, ataketi chini kuliko yeyote atakayemkuta ameketi, na Falonne atakaa mbele.

Mama, wangekusikia, wangeketi kama wewe,
Mtoto anapolia, kwanza kimya apatiwe,
Wao walimvamia, wakasema afungiwe,
Kama watamkimbia, kwetu sisi apokewe.

Unakumbukwa na mumeo Marcellin. Na watoto wako: Jeanne, Parfait, na Falonne.

Tutakukumbuka siku zote, sote.