Beseni ya mama yako

Mireille, mujukuu wangu,

Jambo sana kule Kolwezi. Huku Bel-Air tuko muzuri, magoti tu njo inanisumbua. Unaniuliza sababu gani mama yako, hata akipandishwa cheo kazini, wewe unasikia kwa bajirani bake.

Nazani nilianzisha mimi. Vakansi moja nilipeleka batoto Kasenga, kwa dada yangu. Nilisema tunaenda kupumuzika, lakini nikaona samaki muzuri, nikaanza kukausha kwa moshi, niuzishe huku Lubumbashi. Mama yako alikuwa na miaka saba. Batoto ba dada yangu bakamufundisha kubeba beseni ya maji ku kichwa bila kushika. Siku moja akasimama nyuma yangu, akaita: "Mama, unaona?"

Mimi niko nageuza samaki. Nikajibu bila kuinua kichwa: "Naona! Unajua sana!"

Akasema: "Bado sijaachilia mikono."

Mimi kugeuka, amekwisha kutula beseni chini, imejaa mpaka juu. Nikamuomba abebe tena. Akasema amechoka.

Umupigie simu leo, umuulize wewe habari ya kazi yake. Mimi nikimuuliza, anasemaka kila kitu iko muzuri.

Kambo yako, mama ya mama yako