Siku Mlango Ulipomfungia Doyle Nje

Jumatatu, 2 Desemba 1996
Mimi ndiye niliyeleta muziki wa kantri Detroit. Bila mimi mji huu ungekuwa unacheza polka, ngoma ya kodiani, mpaka leo!

Haya, uongo. Nilikuwa mfagiaji wa Redio Farasi. Lakini mfagiaji hodari.

Leo kaja binti wa redio, Renata, na kinasa sauti. Kituo kinatimiza miaka thelathini ya kantri, wanatafuta wazee wenye kumbukumbu. Nikamwambia ninazo nyingi, nyingine hata za kweli. Akataka na mke wangu aongee. Nikasema Opal yuko kwa dada yake, Kentucky. Sikusema kaondoka na nguo zote.

Jumanne, 3 Desemba
Nimepiga simu. Dada mtu kapokea: Opal hana maneno na mimi. Hata leo! Kisa, niliigiza uimbaji wake mbele ya kanisa zima, sikukuu ya Shukrani. Watu walicheka mpaka machozi. Niliigiza vizuri mno, ndiyo shida.

Ila dada mtu karopoka: kila jioni saa moja wanafungulia Farasi. Giza likiingia mawimbi yanafika huko, kama zamani.

Jumatano, 4 Desemba
Renata kanisomea historia yao. Eti Desemba 1966 wenye kituo waliipa kantri mwezi mmoja tu, kisha polka irudi. Ndipo mtangazaji Doyle Rucker akafanya kipindi cha salamu cha ajabu, simu zikalia kama kengele za moto, kantri ikapona.

Nikamwongezea kahawa.

Ukweli ni huu. Doyle alitoka uani kuvuta sigara, sahani ya santuri ikiimba. Mlango ukajifunga. Theluji, naye na shati tu! Akakimbilia garini mwake. Sahani ikaisha. Ndani — mimi na ufagio. Ningeweza kumfungulia. Nilichelewa kidogo. Dakika ishirini.

Nikashika kadi za salamu za watu wetu wa milima ya Kentucky waliohamia viwanda vya magari. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Nilisoma majina, mengine nikatunga. Clyde mmoja alimsalimu mama yake tu. Nikasema anakuja Krismasi. Ikabidi aende, mama keshachinja nguruwe! Mwisho nikatuma moja isiyo na kadi: Opal wa Hazard, Kentucky, chumba sasa kina jiko, njoo. Alikuwa ameapa hatakanyaga Detroit. Jumamosi kashuka kwenye basi.

Doyle angefukuzwa. Tukamwambia meneja kwamba aliyesoma ni Doyle mwenyewe, alikuwa anaigiza sauti ya mtu wa milimani. Sauti hiyo imemlisha miaka thelathini.

Alhamisi, 5 Desemba
Doyle kapiga simu, anahema.
"Hobe, umemwambia yule binti?"
"Nimwambie nini?"
"Usinichezee, mzee! Kesho naisimulia hewani. Wajukuu zangu watasikiliza."
"Simulia, bwana. Hadithi tamu, nimeisikia mara mia."
Kashusha pumzi. Kasema ana deni la fadhila kwangu, niombe chochote.
Nimepiga pasi tai ya kuvaa kesho studio.

Ijumaa, 6 Desemba
Naandika kwenye benchi la studio. Saa moja na dakika sita jioni. Doyle kamaliza kusimulia, kasimulia vizuri, mwongo mkubwa! Renata anafuta machozi ya kicheko. Sasa wimbo unacheza, dakika nne nzima. Baada yake ni salamu. Kadi ziko mezani, ya kumsalimu Opal haimo.

Nimeingia, nimemwinamia sikioni.
"Doyle, ndugu yangu, jina libaki lako. Nakuomba kitu kidogo. Nenda uani ukavute sigara."
"Niliacha mwaka themanini na tatu!"
"Basi nenda ukatazame theluji."
"Hobe, unataka kusema nini hewani?"
"Samahani. Sijawahi kuisema, kwa hiyo sijui itachukua muda gani."

Kanitazama. Katazama saa. Kasimama nusu, mkono bado uko kwenye kiti. Wimbo umebakiza dakika moja.

Nenda, Doyle. Koti lako hili hapa. Safari hii nitakufungulia mapema.