Nilikula Matangani, Asubuhi Nikasema Siwajui

Mama Clementina, nakusalimu, na ninaomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana tangu wiki iliyopita chakula hakipiti, usingizi unakuja kwa vipande, na mume wangu anasema ninajisumbua bure.

Mimi ni Mmeru, ni nesi, tuna nyumba hapa Malton, pembeni mwa Toronto, sisi tunaishi juu na besimenti, vile vyumba vya chini, tumempangisha mama mmoja Mkongo wa kutoka Uvira, nitamwita Goretti, na watoto wake wawili, kodi kidogo analipa yeye na nyingine inalipwa na ofisi ya ruzuku ya nyumba, na ndiyo sababu kila mwaka mkaguzi anakuja kuangalia kama nyumba inafaa na kama wanaoishi ndani ni wale walioandikishwa tu. Sijapata mpangaji kama yeye, ananiita Mama Bailleur, ndivyo Wakongo wanavyomwita mwenye nyumba, na mara nyingi nikirudi kutoka kazini nakuta ameshazoa theluji mlangoni bila kuombwa.

Sasa kaka yake Télesphore akafariki huko Uvira, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusafiri kwenda kuzika, msiba ukawekwa hapa, na wewe unajua desturi yao, aliyefiwa haachwi alale peke yake, basi akina mama wa kanisa wakaja na magodoro, wakatandika sebuleni, koridoni, hadi chini ya dirisha, wakapika, wakaimba, na mimi mwenyewe nilishuka na chupa ya chai nikakaa nao, nikala wali na sombe, kisamvu chao, nikaimba nyimbo nisizozijua maneno. Nilikumbuka kwamba kesho yake mkaguzi anakuja, lakini nilijiambia akikuta msiba atatoa pole na kurudi siku nyingine, maana kwetu hata chifu haingii penye kilio na kalamu, na msiba hauombewi ruhusa, kwa hiyo sikupiga simu ofisini.

Mkaguzi akaja, binti mpole tu, na pole akatoa, kisha akaanza kuhesabu magodoro. Akamuuliza Goretti hawa ni nani, Goretti akajibu kwa Kiingereza chake kidogo kwamba wote ni familia yake, akaulizwa kama wanalala hapa, akajibu ndiyo, wanalala, na hayo yote ni kweli kwa namna yetu sisi, ila kwa namna ya ofisi alikuwa amekiri kwamba ameficha ukoo mzima kwenye nyumba ya ruzuku. Binti akanigeukia mimi, nimesimama kwenye ngazi nimeshika bakuli tupu la Goretti nililokuja kurudisha, akaniuliza kama ninawafahamu watu hawa, nikasema siwajui, mimi ninaishi juu. Niliogopa nikisema ninawajua nitaonekana nimewaruhusu, na pia kuna dirisha la kutokea moto ukiwaka ambalo kitasa chake kilikwama tangu baridi ilipoanza, magodoro yalikuwa yameegemezwa hapo yakalifunika, nikawa naomba Mungu yule binti asilijaribu, na kweli hakulijaribu, akaandika mambo yake akaenda.

Ofisi imemwandikia Goretti ajieleze, asipoeleweka ruzuku itakatwa na itabidi ahame, na kwa hali ya nyumba za Toronto sasa atahamia wapi na watoto? Mume wangu Mutuma anasema ninyamaze, wakiondoka tuweke wanafunzi, hakuna ruzuku, hakuna mkaguzi. Lakini Goretti alinisikia, Kiingereza cha kiasi kile anakijua. Juzi, siku ya kuondoa matanga, alinipandishia sahani ya chakula, nikataka kumwomba radhi nikashindwa, nikasema asante tu, naye akasema, "Haina neno, Mama Bailleur," akashuka. Ile sahani iko kwenye friji, siwezi kula na siwezi kutupa. Nifanye nini?

Mwenye nyumba, Malton

*

Mwenye nyumba wa Malton,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Pole kwa usingizi, ingawa chini ya sakafu yako yuko mwenzako anayelala vibaya kukuzidi.

Sitakuita mtu mbaya. Hofu ya ofisi naijua. Sisi tuliongoja makaratasi ya uhamiaji miaka, tukimwona mtu ana kitambulisho kifuani na kalamu mkononi, mdomo unajisemea wenyewe. Kwa dakika ile pale kwenye ngazi nakusamehe. Ila dakika ile imekwisha, na wiki nzima umekaa kimya bila mkaguzi yeyote kukusimamia. Hiyo si hofu tena, mama, huo ni uamuzi.

Halafu tuje kwenye dirisha. Umenieleza wali, umenieleza sombe na nyimbo, na dirisha ukalipitisha katikati harakaharaka, kama abiria mwenye chupa ya mafuta pale kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Mimi nimeliona. Wewe ni nesi, unajua moshi unamfanya nini mtoto, na umeacha watoto wawili walale mahali ambapo dirisha halifunguki. Nilivyokusoma, hicho ndicho kilichokufunga mdomo kuliko magodoro. Ulijilinda wewe, na aliyelipa ni Goretti.

Basi fanya hivi. Leo mwite fundi, si Jumamosi. Kitasa kitengenezwe, kisha watoto wa Goretti wafungue dirisha wenyewe mbele yako, tena na tena, mpaka wazoee.

Fundi akiondoka, toa ile sahani kwenye friji, pasha moto, ule. Chakula cha kuondoa matanga unapewa kwa sababu ulilia na watu, na wewe ulilia nao, hilo hakuna anayekunyima. Kisha ioshe uirudishe. Meru kama kwetu Musoma, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Weka unga, weka sukari, weka ulicho nacho. Siku ya mkaguzi ulirudisha bakuli tupu na juu yake ukamkana mwenye bakuli, na wafiwa wakiwa wamekaa wanakutazama.

Ukifika chini usimwambie, "Samahani kama nimekukosea." Hiyo "kama" iache juu. Mwambie: nilikuwa nawajua, nilikula nanyi, nikasema siwajui, nimekosa. Na ile "haina neno" usiipokee kama msamaha. Mtu ambaye paa lake liko mikononi mwako atakuambia haina neno hata ukiwa umemkanyaga kidole. Mpe nafasi ya kukukasirikia, na usimkatize.

Baada ya hapo nendeni ofisini pamoja kabla muda wa kujieleza haujapita. Goretti awe na mkalimani ambaye si wewe, na awaone kwanza wale wanasheria wa bure wanaosaidia wapangaji. Mchungaji aandike nani alikufa na akina mama walilala pale kwa nini. Wewe useme kwa kinywa chako kwamba ulikuwepo, kwamba magodoro yameondoka, kwamba dirisha lilikuwa limekwama na sasa linafunguka, na kwamba ulichomjibu mkaguzi kilikuwa uongo. Waombe waje kuona upya. Siwezi kukuahidi kwamba wataelewa. Lakini wanachosikia sasa ni sauti ya mpangaji peke yake, na ya mwenye nyumba ina uzito wake, ndiyo maana ilimuumiza. Wakikuandikia kosa kwa sababu ya dirisha, pokea, umestahili.

Na siku nyingine msiba ukigongana na ukaguzi, piga simu. Huku ofisi haisikii kilio kutoka mbali kama majirani wa nyumbani, inaambiwa. Penye msiba ukaguzi unaombewa siku nyingine, na mara nyingi wanakubali.

Mutuma naye mpe salamu zangu. Wanafunzi ni wapangaji wazuri sana, na wao pia wanahitaji dirisha linalofunguka.

Mkaguzi akirudi, simama kwenye ngazi ile ile. Huenda akakuuliza tena kama unawafahamu watu wa chini. Usijibu "ndiyo" tu. Mtajie majina yao, na uanze na la marehemu.

Mama Clementina